Kidato ni mkato kwenye mnazi

Haya niliwaambia wanafunzi wapya wa kidato cha tano, wale wa tahasusi za PCM, PGM na EGM, yaani zenye Hisabati ya juu, siku walipopokelewa shuleni pamoja na wazazi waliowasindikiza. Wengi waliniomba niyaandike. Nimeyaweka karibu kama yalivyotamkwa.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi wetu, na nyinyi wanangu wa kidato cha tano. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu, shikamooni.

Mimi nimezaliwa Pangani, kwenye minazi. Mjomba wangu alikuwa mkwezi, na utoto wangu nimeumalizia chini ya minazi nikimtazama akipanda. Mnazi hauna matawi ya kushika. Kwa hiyo wakwezi huukata mikato midogo kwenye shina, mmoja juu ya mwingine, kila mkato mahali mguu unapoweza kufika kutoka ule wa chini. Mkato huo ndio unaitwa kidato. Mnaoitwa leo wanafunzi wa kidato cha tano, hilo ndilo jina mlilobeba: mmesimama kwenye mkato wa tano wa mnazi.

Mjomba alikuwa na tabia moja. Kabla ya kuweka uzito wake kwenye kidato, alikibonyeza kwa kidole gumba cha mguu. Kikiwa kimeoza, hakupanda. Alikaa palepale, akachomoa panga kiunoni, akakata kingine pembeni, ndipo akaendelea. Watoto tuliokuwa chini tunasubiri madafu tulimwona anatuchelewesha.

Wanangu, nimefundisha Hisabati ya juu kwa miaka kumi na tisa, na ninachowaombeni leo ni hicho tu: bonyezeni kidato kabla ya kupanda.

Nchi hii kila mwaka watahiniwa zaidi ya nusu hushindwa Hisabati ya kidato cha nne. Nyinyi hamkushindwa. Mmefaulu vizuri, ndiyo maana TAMISEMI imewaleta hapa, na wengi wenu huko mlikotoka mlikuwa mnaitwa vipanga. Nawapongeza kwa dhati. Lakini baada ya wiki chache mtafanya jaribio la kwanza, na baadhi yenu mtapata alama ambazo hamjawahi kuziona maishani mwenu. Mimi nilipata 14 katika 100. Niliikunja ile karatasi mara nne nikaificha ndani ya foronya, nikalala juu yake usiku mzima nikilia, nikijua kwamba kesho nitaomba kuhamishiwa tahasusi nyingine.

Kesho yake mwalimu wangu aliniita, akaniambia nije na swali la tatu tu, mengine niyaache. Nilisoma mstari wa kwanza wa kazi yangu. Akauliza, "Kwa nini?" Nikajibu. Mstari wa pili, "Kwa nini?" Nikajibu. Wa nne, nikanyamaza. Sikujua kwa nini. Niliuandika kwa sababu kwenye pasti pepa niliyokuwa nimeikariri palikuwa na mstari unaofanana na ule. Kumbe miaka minne nilikuwa nanakili sura za majibu, na sura zile zilinitosha kupata A. Hisabati ya kidato cha tano haikubali sura. Inauliza kwa nini, na inaendelea kuuliza mpaka mwisho.

Ngoja niwaonyeshe ninachosema. Twende sokoni.

Mnamjua mama anayeuza nyanya kwa mafungu. Nne chini, moja juu, fungu la tano. Mwenye meza kubwa ya machungwa hupanga zaidi: tisa chini, tatu kwa tatu, juu yake manne, juu kabisa moja. Jumla 14. Akianza na kumi na sita chini, jumla 30. Sasa akiwa na matabaka kumi, machungwa ni mangapi? Naona mikono inakwenda kwenye vikokotoo. Haya: moja, nne, tisa, kumi na sita, ishirini na tano, mpaka mia. Jumla 385. Je, matabaka elfu moja? Hapo kikokotoo kitakuchosha.

Ipo kanuni. Chukua idadi ya matabaka. Zidisha kwa idadi hiyo ukiongeza moja. Zidisha tena kwa mara mbili ya idadi hiyo ukiongeza moja. Kisha gawanya kwa sita. Jaribu kwa matabaka manne: nne mara tano mara tisa ni 180, gawanya kwa sita, unapata 30. Imekubali. Jaribu kwa kumi: 10 mara 11 mara 21 ni 2310, gawanya kwa sita, 385. Imekubali tena.

Mwanafunzi wa kidato cha nne huishia hapo, anaiandika kanuni kwenye daftari na kuichorea kisanduku chekundu. Mimi nakuuliza: imekubali mara mbili, umejuaje itakubali mara ya elfu moja?

Msidhani nawasumbua bure. Chukueni namba yoyote kuanzia sifuri, izidisheni kwa yenyewe, ongezeni namba yenyewe, halafu ongezeni 41. Kwa sifuri mtapata 41, namba tasa. Kwa moja, 43, tasa. Kwa mbili, 47, tasa. Endeleeni mpaka 39: mara arobaini mfululizo mtapata namba tasa. Mtu yeyote angeapa kwamba ni hivyo milele. Mkifika 40 mnapata 1681, nayo ni 41 mara 41. Kidato kilikuwa kimeoza, na kilikuwa huko juu kabisa, mahali ambapo kuanguka kunaua.

Kwa hiyo tunathibitisha, na namna ya kuthibitisha ndiyo ileile ya mjomba. Ili mkwezi afike kileleni anahitaji mambo mawili tu. Kwanza, kidato cha chini kabisa kiwepo na kimbebe. Pili, kutoka kidato chochote alichosimama aweze kufikia kinachofuata. Akiwa na hayo mawili, mnazi uwe na urefu wowote, hata usio na mwisho, hakuna kidato asichoweza kukifikia.

Machungwa sasa. Kidato cha chini: tabaka moja, chungwa moja. Kanuni inasema moja mara mbili mara tatu, gawanya kwa sita, ni moja. Kimetubeba. Kidato cha pili cha hoja: tuseme tumesimama kwenye rundo la matabaka k, k ikiwa idadi yoyote, na kanuni ni kweli hapo. Ukitaka rundo kubwa zaidi, unaliinua lote na kulikalisha juu ya tabaka jipya lenye machungwa (k + 1)². Jumla mpya ni k(k + 1)(2k + 1)/6 kuongeza (k + 1)². Toa (k + 1) nje ya mabano, na yote yawe juu ya sita. Ndani ya mabano panabaki 2k² + 7k + 6, na hiyo ni (k + 2)(2k + 3). Basi jumla ni (k + 1)(k + 2)(2k + 3)/6. Itazameni vizuri. Ni kanuni ileile, ila pale palipokuwa na k sasa pana k + 1. Mguu umefika kidato kinachofuata.

Mtaiita indaksheni, na mtaikuta kwenye mada ya aljebra mwaka huuhuu. Wengi huikariri kwa maneno yake ya mwanzo na ya mwisho, wakaruka katikati. Katikati ndiyo penyewe. Kukosea pale kwenye 2k² + 7k + 6 ni kosa la kidato cha pili, si la cha tano, na hapa niseme jambo ambalo miaka kumi na tisa ya kusahihisha imenithibitishia: wanaoanguka Hisabati ya juu wengi hawaangushwi na mada mpya. Wanaangushwa na sehemu, na alama ya kutoa iliyosimama mbele ya mabano, na vipeo, na logarithi ambazo hawakuwahi kuzielewa. Mtu ameshughulikia swali zito kurasa mbili, halafu anafuta x juu na chini bila kujiuliza kama x inaweza kuwa sifuri. Nikiiona hiyo huwa naumia moyo. Rudini mkakate vidato vyenu vya chini upya. Si aibu.

Bado sijamaliza na machungwa, kwa sababu bora ya yote ndiyo inakuja.

Chukueni rundo la matabaka kumi, mlilinganishe na sanduku lililojaa machungwa kumi kwa kumi kwa kumi. Rundo lina 385, sanduku 1000. Matabaka mia: rundo 338,350, sanduku milioni moja. Matabaka elfu: rundo 333,833,500, sanduku bilioni moja. Mnaona linakokwenda? Theluthi. Rundo linazidi kuikaribia theluthi ya sanduku.

Kidato cha nne mliambiwa ujazo wa piramidi ni theluthi ya eneo la kitako mara kimo, na wa koni vivyo hivyo. Kuna aliyeambiwa theluthi imetoka wapi? Mimi sikuambiwa. Baadaye mwaka huu mtafika kwenye intigresheni, na mtaandikiwa ubaoni kwamba x² inakuwa x³ gawanya kwa tatu. Tatu ile nayo imetoka wapi? Wanangu, ni theluthi moja. Ya machungwa, ya piramidi, ya intigresheni, yote ni moja. Siku nilipoliona hilo nilikuwa kidato cha sita, usiku, umeme umekatika, nasomea taa ya chemli, na nywele zilinisimama. Niliwaamsha wenzangu bwenini niwaonyeshe. Wawili walinifukuza. Mmoja aliamka, akakaa na mimi mpaka alfajiri.

Na si jambo la jana. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alijumlisha miraba, akaendelea mpaka vipeo vya nne, ili apate ujazo wa umbo linalofanana na kuba. Hiyo ni karibu miaka 600 kabla ya Newton na Leibniz ambao majina yao mtayasikia. Naye alipanda kidato kwa kidato, kutoka jumla moja kwenda inayofuata.

Nyinyi mliotoka pwani, nina jingine lenu, la harakaharaka. Wavuvi wetu wanajua maji bamvu na maji mafu kwa kutazama mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake yanalegea. Ukisoma trigonometria utaona sababu imeandikwa. Mvuto wa jua unaleta wimbi linalorudi kila saa 12. Wa mwezi unaleta jingine, linalorudi kila saa 12 na dakika 25 hivi. Jumlisha mawimbi mawili kwa kanuni ya kujumlisha kosini, nayo inageuka kuzidisha: wimbi la haraka ndani ya wimbi la polepole. Piga hesabu ya lile la polepole, linapanda na kushuka kila siku 15 karibu. Bamvu hadi bamvu. Kanuni ambayo mtaichukia mwezi wa tisa ndiyo iliyokuwa inamtoa babu yako pwani na ngalawa yake.

Sasa kuhusu lugha, maana najua inawaumiza na hamsemi. Mmesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, mkaja sekondari mkakuta Kiingereza, na mtihani wa taifa wa NECTA utakuwa kwa Kiingereza. Nimeona vijana hodari wakikosa swali si kwa hesabu bali kwa neno moja la maelekezo hawakulielewa. Dawa yangu ni hii. Ukimaliza swali, mtafute mwenzako umweleze kwa Kiswahili, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kusoma daftari. Ukikwama, kidato kimeoza hapo. Ukiweza kumweleza akaelewa, rudi uliandike kwa Kiingereza safi. Kiswahili si mgeni kwenye somo hili. Hisabati ni neno letu, sifuri ni neno letu, na yote mawili yametoka Kiarabu, kulekule lilikotoka neno aljebra: al-jabr, lililomo katika jina la kitabu alichokiandika al-Khwarizmi kule Baghdad karne ya tisa. Mkihesabu moja mpaka tano mnatumia Kibantu, mkifika sita na saba mnatumia Kiarabu, na hamjawahi kuona shida. Zitumieni lugha zote mlizonazo.

Mabinti, simameni niwaone. Mbona wachache? Kaeni. Alikuwepo msichana wa Tehran, Maryam Mirzakhani, aliyezaliwa 1977. Utotoni alitaka kuwa mwandishi. Mwaka wake wa kwanza wa shule ya kati alifanya vibaya kwenye hisabati, na mwalimu wake hakumwona kama ana kipaji. Mwaka uliofuata akapata mwalimu mwingine aliyemtia moyo. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupewa Nishani ya Fields, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa za wanahisabati. Alifariki 2017, mapema mno. Alikuwa akifanya kazi kwa kutandaza karatasi kubwa sakafuni, anachora, anaandika pembeni, anachora tena. Binti yake mdogo akiona hivyo alikuwa anasema mama anachora picha. Ninalolipenda ni zile karatasi. Hakukaa akawaza tu kichwani. Aliandika.

Basi andikeni. Wazazi, hapa nazungumza nanyi. Kabla hamjamnunulia mtoto simu ya kusomea, mnunulieni rimu ya karatasi. Karatasi 500. Akiimaliza kabla ya likizo ya kwanza, mletee nyingine, na mshukuru Mungu. Akija nyumbani likizo mpeni saa mbili kwa siku ambazo hakuna atakayemwita. Nasema hasa kwa mabinti, kwa sababu naona wanavyorudi. Kaka yake amemaliza mada mbili, yeye amemaliza magunia mawili ya mahindi. Sisemi asisaidie kazi. Nasema saa mbili ziwe zake. Na masomo ya ziada mtaani mnayolipia, ulizeni yanafundisha nini. Kama ni kupitishwa pasti pepa haraka ili akariri majibu, hela yenu inakwenda kumfundisha nilichokifanya mimi nikapata 14.

Wanangu, pasti pepa zenyewe sizikatai. Mtazifanya nyingi kabla ya mwezi wa tano wa kidato cha sita. Zifanyeni baada ya mada kueleweka, saa mezani, daftari limefungwa. Na mjue alama hutolewa kwa hatua. Aliyekosea mwisho lakini hatua zake zinaonekana atapata kitu. Aliyeandika jibu tupu, hata likiwa sahihi, anamwachia msahihishaji kazi ya kubahatisha. Swali likikushinda lipe saa nzima kabla ya kufungua majibu. Saa nzima, ukiwa umeandika kila ulichojaribu. Najua ni ngumu, mimi nilianza na dakika kumi. Halafu laleni. Kupiga msuli mpaka saa tisa usiku kila siku kunawafanya msinzie darasani asubuhi mada mpya inapoanza, na hapo ndipo mnapokosa kidato cha chini.

Kuna atakayeniuliza nitafanya nini na haya. Uhandisi, takwimu, upimaji ardhi, uchumi, kompyuta, urubani, benki, utabiri wa hali ya hewa. Milango hiyo yote inadai somo hili, na mtaambiwa zaidi na walimu wa ushauri. Mimi nimekuja na machungwa tu.

Nimalize na kazi ya leo. Kuna wauzaji wanaopanga nyanya kwa pembetatu: tatu chini, moja juu. Wengine sita chini, tatu, moja. Wengine kumi, sita, tatu, moja. Nataka kanuni ya matabaka yoyote, na nataka uthibitisho wake kidato kwa kidato. Halafu linganisheni na sanduku, kama tulivyofanya, mniambie safari hii rundo linakaribia sehemu gani ya sanduku, na kwa nini si theluthi. Nipo chumba cha walimu, meza ya dirishani, kila siku baada ya vipindi mpaka saa kumi na moja. Njooni na karatasi mlizokosea, zote, msizikunje.